Kosa Halikwanguliwi kwa Wembe

Mujinga mwanangu,

Ukiipata barua hii utakuwa umeshafika Lubumbashi. Nimeiweka katika kisanduku chako cha baridi, chini kabisa, chini ya vichupa vya insulini, kwa sababu begi la nguo unaweza kulifungua hata kesho kutwa, lakini kisanduku hicho utakifungua jioni hiyo hiyo. Kwa hiyo pima sukari yako kwanza. Choma sindano. Kula, tena ule ushibe, usinidanganye na ndizi moja. Ukishakula ndipo usome. Sitaki maneno yangu yakukute na sindano mwilini na tumbo tupu.

Hayo ndiyo maagizo pekee nitakayokupa. Mengine yote umeyasikia kwangu miaka ishirini, na masikio yako si ya kuazima. Kuhusu ugonjwa wako, siku hizi wewe ndiye unayenifundisha mimi.

Leo ni Jumapili, saa tisa mchana. Umeenda kuaga wenzako wa kwaya. Baba yako yuko barazani anashona tundu kwenye chandarua atakachokufungia kwenye begi. Mimi niko chumbani, mlango nimeuegemeza, karatasi iko juu ya kifuniko cha sanduku la nguo. Barua hii nimeianza mara nne. Tatu za kwanza zimewasha mkaa jikoni, na bukari ya unga wa mahindi uliyokula leo ukaisifu imepikwa na uoga wangu.

Nataka nianze na kicheko, kwa sababu baada ya hapo hakitakuwepo. Siku uliporudi kutoka kwenye mahojiano pale kituo cha kisukari cha Lubumbashi ulitusimulia habari ya yule daktari wa Dar es Salaam. Aliishika orodha, akafika kwenye jina lako, akatazama dari. Akasema, "Samahani sana, dada, hili jina nilisome kama lilivyoandikwa?" Na wewe ukamjibu, "Soma tu, munganga. Kwetu Mujinga ni mutoto mwenye alizaliwa na kamba ku shingo. Yenye iko kwenu naijua." Tangu siku hiyo anakuita Mheshimiwa Mujinga. Baba yako alicheka mpaka akashika ubavu.

Ni kweli, ulizaliwa kamba imekuzunguka shingo mara mbili, na mkunga aliikata haraka. Nimewaambia watu mara nyingi kwamba siku ile nilidhani nitakupoteza. Sikujua kwamba siku ya kukupoteza ingekuwa nyingine, na kwamba ningeketi kuipanga mwenyewe kwa kalamu.

Maana kuna jambo la pili ulilolisimulia siku ile, na hilo sikulicheka. Walikuuliza kwa nini msichana mwenye kisukari anataka kusomea kuwafundisha wagonjwa wa kisukari, badala ya kwenda mbali na habari hizo. Ukasema, "Juu ya mama yangu. Yeye njo aliniona mbele ya munganga yeyote." Ulitusimulia mdomo umejaa, kwa furaha. Mimi nikainuka nikaenda kuosha sahani zilizokuwa safi.

Mujinga, kaka yako Ilunga hakufa kwa malaria. Alikufa kwa ugonjwa ulio nao wewe. Na ile serumu ya sukari, dripu iliyoingia mwilini mwake, niliitundika mimi, kwa mkono wangu huu. Chupa mbili.

Nimeandika. Mkono umeandika kabla sijauzuia. Sasa nitaeleza yote, maana nikiacha katikati nitarudi kwenye mkaa.

Ulikuwa na miaka mitatu, yeye saba. Humkumbuki, unajua picha yake tu, ile ya shati jeupe. Alikuwa mtoto wa kuhesabu. Alikaa mbele ya nyumba akihesabu malori ya madini yanayopita, na akiitwa kula akakosa lori moja, alinuna mpaka jioni. Msimu ule wa mvua alianza kukonda. Alikunywa maji sana. Alianza tena kukojoa kitandani, mtoto mkubwa wa darasa la kwanza, na mimi nilimchapa. Nilimchapa asubuhi mbili mfululizo kwa sababu ya shuka.

Kambo, mama wa baba yako, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mwadingusha na samaki wake wa kukausha. Asubuhi moja aliniita nyuma ya nyumba.

"Mama Ilunga, kuya uone. Fasi mutoto anakojolaka, nyenyere inajaa sawa vile mulimwanga sukari."

Nikatazama. Sisimizi walikuwa wengi kweli, wamepanga mstari. Nikamwambia, "Mama, ni juu ya mvua. Mwezi hii nyenyere iko kila fasi."

"Mi sisemi ya mvua," akasema. "Mi nasema ya mutoto."

Nilicheka. Nilikuwa na diploma ya uuguzi na koti jeupe, na yeye alikuwa na kapu la samaki. Kesho yake kazini niliwasimulia wenzangu kama kichekesho cha bibi wa kijijini, nao wakacheka pia. Alitueleza ugonjwa wote kwa sentensi moja, bila mashine, na mimi nikamfundisha habari za mvua.

Siku nne baadaye Ilunga alitapika tangu asubuhi, akawa analegea, anapumua kama mtu aliyepanda mlima mbio. Baba yako alitupakia kwenye baiskeli, mimi nyuma nimembeba, tukaenda kwenye zahanati yangu mwenyewe. Walimtoa damu ya kidole wakaitazama. Malaria, msalaba mmoja, yaani vijidudu vichache. Mujinga, wewe unaijua Likasi wakati wa mvua: mtoto gani ukimpima atakosa msalaba mmoja? Lakini msalaba ulikuwepo, na sisi tulikuwa tukitafuta malaria, tukaipata. Nikafanya tulivyozoea kufanya: kinini, dawa ya malaria, ndani ya serumu ya sukari. Kwa mtoto wa malaria ni sawa. Ndivyo tulivyofundishwa.

Aliniomba maji. "Mama, mayi." Nikamwambia, "Utatapika. Ngoya kwanza." Akaomba tena. Nilikuwa nampangusa uso kwa kitambaa chenye maji, akakigeuzia kichwa akaanza kukifyonza. Nikamnyang'anya kitambaa.

Nimewahi kusahau majina ya watu niliosoma nao. Kitambaa kile kilikuwa cha bluu, kina pindo lililofumuka upande mmoja.

Halafu ile chupa ya pili. Wagonjwa wa siku ile walipangiwa chupa moja moja, kisha wakaguliwe. Lakini unajua watu wetu na serumu. Kwetu serumu ni nguvu. Mgonjwa asiyetundikiwa hajatibiwa, na aliyetundikiwa mbili anapendwa. Baba yako alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ongeza ingine, Mama Ilunga. Mutoto iko faible, hana nguvu kabisa." Nikaongeza. Sikumwuliza mtu. Niliitoa kabatini kwa sababu funguo zilikuwa kwangu na kwa sababu mtoto alikuwa wangu. Watoto wa wenzangu walipata moja. Wangu nilimpendelea.

Alikufa jioni, chupa ya pili ikiwa nusu. Niliitungua mwenyewe. Muuguzi mkuu, kwa kuniheshimu, alinipa kalamu na fishi yake, ile kadi ya mgonjwa. "Andika weye, mama." Nikaandika kwa mwandiko wangu: malaria kali.

Siku ile sikudanganya, Mujinga. Niliandika nilichokiamini. Lishike hilo, kwa kuwa ni kitu kimoja tu nilicho nacho cha kujitetea, na najua hakitoshi.

Baada ya mazishi watu waliacha kuniita Mama Ilunga. Ni heshima, hawakutaka kugusa kidonda. Walianza kuniita Mama Mujinga, na baba yako naye akafuata, nami nikalipokea jina hilo upesi kama mtu anayekimbilia kivuli.

Na baba yako akaanza vita na mbu. Wewe umekua ukidhani baba wote wako hivyo. Sivyo. Kabla ya hapo hata alikuwa akilala bila chandarua, anasema kinamziba pumzi. Ilunga alipokufa alichimba mfereji kuzunguka nyumba yote. Alifukia madimbwi ya jirani bila kuombwa. Aligombana na Mama Kasongo juu ya matairi yake yenye maji mpaka wakaacha kusalimiana mwaka mzima. Na kila jioni, miaka kumi na saba sasa, akirudi kutoka kiwandani na mikono iliyoliwa na asidi, anapita kwenye kila kitanda anapenyeza chandarua chini ya godoro, pembe moja moja. Wewe humtania, "Papa, mbu yenye itaniuma mi, itakufa na sukari." Anacheka, anaendelea kupenyeza.

Sasa hivi namsikia barazani anakata uzi kwa meno. Anapigana na adui niliyempa mimi.

Sasa sikiliza uongo ulipoanzia. Ilunga alikuwa na miaka minane kaburini wakati watu wa kituo walipokuja Likasi mara ya kwanza. Ndicho hiki hiki unakokwenda. Wakati ule kilikuwa kichanga: madaktari wachache wa Lubumbashi, wenzao wa Dar es Salaam, wengine wa Ulaya, wamekubaliana kuweka pamoja daftari za hospitali za miji mbalimbali. Mkufunzi wao alitueleza vizuri, siku ya kwanza ya mafunzo. Zahanati moja ikiona mtoto mmoja wa namna hii, alisema, inamzika na kusahau. Zahanati nyingi zikiweka watoto wao kwenye daftari moja, sura ya ugonjwa inaanza kuonekana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na alisema wagonjwa wetu hawafanani na wale wa vitabuni, wengi wetu ni wembamba, na hakuna atakayekuja kutueleza sababu yake tusipoitafuta wenyewe, kwa damu zetu na kalamu zetu. Nilimpenda mtu yule. Niliandika kila neno.

Siku ya pili aliandika ubaoni: kiu, mkojo mwingi, kukonda, kutapika, kupumua kwa nguvu. Akageuka akasema, "Na ukimpata huyu, usimtundikie serumu ya sukari kwa kudhani ni malaria. Pima sukari kwanza." Mwenzangu mmoja akauliza, "Na kama malaria pia iko?" Akajibu, "Pima kwanza. Anaweza kuwa nazo zote mbili."

Niliomba ruhusa nikatoka. Nilitapika nyuma ya ukumbi, karibu na bomba. Mwenzangu alinifuata na kikombe cha maji, nikamwambia ni samaki wa mchana. Masikini samaki alisingiziwa.

Jioni ile nilirudi nyumbani nimeshaamua kumwambia baba yako. Nilimkuta ameinama juu ya kitanda chako anapenyeza chandarua, nawe umelala, mguu mmoja nje. Akanitazama. Nikamwambia chakula kiko tayari. Huo ndio uongo wa kwanza, na kila siku tangu hapo nimeupikia chakula.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu yako. Nilikuona ukiinuka kwenda kwenye mtungi mara mbili katika mlo mmoja. Mara mbili tu. Nilikuwa na mashine ya kupima waliyotuachia kwenye mafunzo. Nikakushika kidole, ukalia, ukaniambia mimi ni mama mbaya. Mashine haikuandika namba. Iliandika kwamba imezidiwa. Sikungoja dalili ya tatu. Hospitalini walimpigia simu daktari wa kituo, akawaelekeza hatua kwa hatua, wakakutundikia serumu ya chumvi. Nilimsogelea yule muuguzi kijana nikasoma maandishi ya chupa ile mara tatu. Aliniambia kwa upole, "Mama, njo ya chumvi. Uikale." Sikukaa. Nilisimama pale mpaka ukafungua macho ukaomba maji, nikakupa.

Kwa hiyo ni kweli nilikuona mapema. Lakini watu waligeuza jambo hilo kuwa wimbo. Mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda, nikasema Mungu amenifungua macho, na kanisa zima likaitika amina. Wewe ulikuwa kiti cha mbele, mwembamba, unanitazama kama mtu anayetazama taa. Ni kaka yako aliyenifungua macho, Mujinga. Yeye ndiye aliyelipa somo lile, na mimi nikasimama madhabahuni nikatia sahihi kwa jina langu. Kituo nacho, kila wanapofundisha wauguzi wapya huku kwetu, wananialika niseme nilivyokutambua. Naenda. Najua kusimulia vizuri. Natoka pale napigiwa makofi.

Miaka tisa. Nilikuwa na kila siku ya miaka tisa kusema, na kila siku niliona sababu. Kwanza ulikuwa mgonjwa. Kisha ulikuwa na mitihani. Kisha baba yako alikuwa na kifua. Uongo wa muuguzi una adabu, hungoja mgonjwa apone.

Ningeweza kufa nao. Nakwambia wazi, ndiyo niliyokuwa nimepanga. Kilichonivunja ni ile karatasi.

Wiki tatu zilizopita ulikuja nayo kutoka kituoni, ile ya ukoo, miraba ya wanaume na duara za wanawake. Ulikaa mezani na rula, umetoa ulimi kidogo kama ulivyokuwa ukifanya shuleni. Ulichora mraba wa Ilunga, ukaupiga mstari wa mshazari, alama ya aliyekufa. Ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Yaya Ilunga alikufaka na nini, mama?"

Nikasema, "Malaria."

Ukaandika. Mraba wake ukauacha mweupe ndani. Miraba ya wagonjwa inapakwa wino, ulinieleza. Duara lako mwenyewe ulilipaka kwa uangalifu, bila kutoka nje ya mstari.

Ijumaa uliporudi ulinisimulia kwamba yule daktari wa Dar alikuita ofisini juu ya karatasi ile. Ugonjwa wako unawasumbua. Huko kwao unahesabiwa wa kawaida, lakini mwenendo wake si wa kawaida: miezi mingine dozi ndogo inakuangusha, miezi mingine haikutoshi. Akakueleza kwamba ziko aina zinazotembea katika familia, na kwamba wana kundi la familia zenye wagonjwa wawili au zaidi, ambazo damu yake wanaitazama kwa namna nyingine, kwa sababu aina ikijulikana hata dawa inaweza kubadilika. Akakuuliza, "Hakuna mwingine nyumbani? Ndugu? Hata aliyefariki?" Ukasema hakuna. Akauliza mara ya pili, "Una uhakika?"

Na wewe ukamjibu, "Mama yangu ni muuguzi, angejua."

Nimelala na sentensi hiyo tangu Ijumaa. Naamka nayo. Naivaa pamoja na koti jeupe. Sikumwua mtoto mmoja tu kwa kutojua. Huyu wa pili namzibia njia kwa kujua. Sijui kama Ilunga atabadilisha lolote katika matibabu yako. Huenda wataangalia damu yetu wote tuliobaki wakakuta hakuna jipya. Lakini swali lile lilikuwa lako, na mimi nilikunyang'anya kama nilivyomnyang'anya kaka yako kile kitambaa.

Wagonjwa wanaoficha sindano zao huwa unawaambia, "Mficha maradhi, kilio humfichua." Nimekusikia ukisema pale hospitalini unakojitolea, mikono kiunoni, wazee wakicheka. Nami nilicheka nao. Mimi kilio changu kilitangulia, maradhi nikayaficha baadaye. Methali hiyo haikunifikiria.

Sina mafundisho, mwanangu. Mtu aliyezama hafundishi kuogelea. Lakini kama siku moja mama atakuletea mtoto, na bibi aliyekuja naye akasema neno la ajabu juu ya sisimizi, liandike. Uliandike kwanza, kucheka utacheka nyumbani. Na ukimpenda mgonjwa, mpime kama unavyompima mgeni. Mapenzi yangu yalikuwa na funguo za kabati, ndiyo maana yakaua upesi. Na ukimkuta muuguzi aliyekosa kama mimi, usimwaibishe mbele ya watu, ila usimwache anyamaze. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu, na nikashukuru kutoulizwa, na shukrani hiyo imenila mpaka mfupa.

Naogopa. Sikuwahi kukwambia neno hilo, hata siku mashine ilipozidiwa. Naogopa utarudi likizo ukafikia kwa shangazi yako. Naogopa utaniita mama kwa sauti ile wanayotumia wauguzi kwa mama yeyote. Naogopa utakosa kula kwa hasira na sukari ikushuke, na mimi niko huku na mikono yangu. Msamaha sijui unaombwaje kwa jambo kama hili. Naomba tu usiache kula.

Leo asubuhi mlipokuwa ibadani niliitoa fishi ya Ilunga. Imekaa miaka yote kwenye mfuko wa koti langu la zamani. Na unajua nilichochukua nayo? Wembe. Mazoea. Miaka mingi nimesahihisha daftari za zahanati kwa kukwangua kosa kwa wembe mpaka karatasi iwe nyeupe, ili mkaguzi akija aone kazi safi. Unakumbuka uliponikuta nafanya hivyo hapa nyumbani, baada ya mafunzo yako ya kwanza? Uliniondolea wembe mkononi.

"Mama, kosa hatukwangui. Tunapiga mustari moya, yenye iko chini ibakie kusomeka. Ya kweli tunaandika pembeni, tunatia sinyatire."

Nikakwambia, "Ile ni mambo ya kituo. Huku daftari inapaswa kuwa safi." Ukasema, "Safi ya nini, kama inadanganya?" Nikakuona mjinga, kwa maana ile ya Dar.

Wembe nimeurudisha. Nimepiga mstari mmoja juu ya maneno "malaria kali". Yanasomeka. Pembeni nimeandika: "Kisukari, kwa dalili zote, hakupimwa. Alitundikiwa serumu ya sukari, chupa mbili. Alinyimwa maji. Muuguzi ni mama yake." Nikatia sahihi yangu yote, ile ndefu. Fishi iko ndani ya bahasha hii. Mpe daktari. Na kwenye karatasi yako ya ukoo lipige neno malaria mstari mmoja, halafu mraba wa kaka yako upake wino, taratibu, usitoke nje ya mstari.

Baba yako nitamwambia kesho, gari lako likishaondoka.

Nasikia kicheko chako kwa Mama Kasongo. Unamuaga naye, bila shaka anakupa karanga, na wewe unazila.

Nimerudia kusoma mwanzo wa barua hii. "Ukiipata utakuwa umeshafika Lubumbashi." Kumbe hata leo nimeshika wembe. Nilitaka uniondolee uso wako kwanza. Nilitaka usome peke yako, kwenye chumba usichokizoea, kati ya watu ambao hawajui ukianguka wakushike wapi, ili mimi nisione. Na baba yako nilimwekea kesho, kwa sababu kesho imenifaa miaka tisa.

Sentensi ile ya kwanza nimeipiga mstari mmoja. Na ile ya baba yako pia. Zote mbili zinasomeka, utaziona.

Barua siiweki tena kwenye kisanduku. Umefika langoni, baba yako anakuuliza mbona umechelewa. Ingia, mwanangu. Pima sukari yako. Kuna bukari na samaki, kula ushibe. Nami nitamwita baba yako aweke sindano na uzi chini, tukae mezani watatu, niwasomee kwa sauti yangu mwenyewe tangu juu mpaka hapa.

Ni mimi,
Mama Ilunga, mama Mujinga.